Kinachotoka Kwenye Buti

Sahani ya kwanza iligonga ukuta. Ya pili ilimgonga mama begani, na mboga za majani zilizochemshwa bila mafuta zikamning'inia kwenye kilemba. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, jua limejaa sebuleni, na majirani walikuwa wanasikia kila kitu huku kila mmoja akijifanya anafua.

"Mimi ni sungura?" baba aliuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa kuuliza kwa upole huku mkono ukifanya kazi nyingine. "Nauliza tu, mke wangu. Mimi ni sungura?"

"Daktari ndiye kaandika."

"Na daktari saa hizi anakula nini?"

Binti yao, aliyesimama mlangoni na jagi la maji, alimwona baba anavyoinuka: kwanza viganja viwili juu ya meza, kisha meza ikalia, kisha kitambi, kisha mwenyewe. Mtu wa kilo mia na arobaini na tatu hainuki kwa mara moja. Na kilo hizo hazikuwa za kubahatisha. Mizani ya zahanati ilipomshinda mwaka juzi, alirudi buchani kwake, akaning'inia kwenye ile kulabu ya kupimia mapande ya ng'ombe, wateja wakapiga makofi, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Tani. Jina alilipenda. Akawa analitembeza kama kofia mpya.

Ufunguo wa kabati la chakula mama aliuvaa shingoni kwa kamba ya nailoni. Tani aliukamata, akavuta. Nailoni haikatiki upesi. Mama alivutwa nayo mpaka magoti yakagusa sakafu, na kamba ilipokatika ilikuwa imeshaikata ngozi kwanza. Mstari mwekundu ulibaki umezunguka koo lake, mwembamba, umenyooka kama umechorwa na rula.

Tani alifungua kabati. Akatoa mkate mzima, kopo la jamu na chupa kubwa ya soda. Hakukata mkate, aliupasua kwa mikono, akachovya, akala amesimama, macho kawakazia wawili wale kana kwamba wao ndio walioiba.

"Mnishindishe njaa," alisema kinywa kimejaa. "Nikifa, mjue mmeua nyinyi."

Alipomaliza akakaa, anahema. Mama wa watu akajipangusa, akaenda kuchemsha maji. Hata siku ile. Nesi alikuwa amemwagiza: miguu ioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu, itazamwe katikati ya vidole, kwa sababu sukari ilikuwa imeiua miguu ile kwa ndani na mwenyewe hakusikia kitu tena. Mwaka uliopita kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikatwa kwa kidonda kilichoanza na kucha tu. Daktari alisema bila kuzunguka: "Kidonda kingine kwenye mguu huu, hatutakata kidole." Akaonyesha kwa ukingo wa kiganja, pale chini ya goti.

Basi mama akaja na beseni, akapiga magoti, alama ya kamba shingoni bado inatoa vijitone. Tani alimtazama. Kisha akapiga teke. Beseni liliruka mpaka mlangoni, na kisigino kikampata mama kifuani. Alibaki chini kinywa wazi, hewa haiingii wala haitoki, uso umekuwa rangi ya jivu, hadi binti alipomwinua na kumsugua mgongo.

"Asiniguse mtu mguu wangu tena," Tani alisema. "Nimechoka kukaguliwa kama mzoga."

Kuanzia hapo hakuna aliyeuona mguu ule bila soksi.

Cha ajabu ni kwamba ulinzi huo aliuomba yeye. Siku aliyokatwa kidole alilia mbele ya daktari, akawashika mikono mama na binti: "Nilindeni jamani. Mimi mbele ya chakula sijiwezi." Ndipo mama akapewa kabati, binti akapewa bucha, na Redio, mkata nyama wao, akaapishwa asimpe bosi hata kipande cha kuonja. Wakalinda. Shida ilikuja siku za kupima. Mashine ikisema sukari imepanda, Tani hakuuliza mdomo wake. Aliwauliza wao. "Ulikuwa wapi?" na kofi. "Kazi yako ni nini?" na kofi jingine. Safari moja alimpiga mama nje ya zahanati, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni na vikaratasi vyao, kwa keki aliyoila yeye kwenye harusi ambayo mama hakwenda.

Binti aliyaona yote. Hakuwa mwoga, na hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kukitazama kitu mpaka kijieleze chenyewe.

*

Bucha la Tani lilikuwa na vigae vyeupe mpaka usawa wa kifua, kulabu saba, msumeno wa umeme wa mifupa, na gogo la kukatia lililochimbika katikati kwa miaka ya mapanga. Sakafu haikukauka kamwe. Kwa hiyo wote watatu walivaa mabuti ya mpira kutoka asubuhi hadi kufunga, na mabuti yalilala hapohapo buchani, yamepangwa ukutani.

Na mabuti yalikuwa na sheria yake. Zamani, kabla ya Redio, alikuwepo mkata nyama mwingine. Jioni moja alitembea vibaya, Tani akamwambia avue, na figo zima la ng'ombe likadondoka. "Nimewekewa, bosi," yule bwana alisema. Tani akamjibu, "Kinachotoka kwenye buti ni cha mwenye buti." Akachukua panga, akamchapa kwa ubapa mgongoni mpaka shati likachanika na yule bwana akajikojolea. Tangu hapo kila saa kumi na moja jioni, kabla ya kushusha mlango wa chuma, mfanyakazi huvua mabuti, huyapindua, huyagongesha chini mara mbili. Binti naye alipindua. Tani peke yake hakuwahi kupindua. "Mwenye mali haibi mali yake," alisema.

Wiki mbili baada ya ile Jumapili, harufu ilianza.

Siku ya kwanza walidhani ni mfereji. Redio akamwaga dawa ndoo mbili. Siku ya pili walidhani ni pipa la mifupa, wakalitoa nje, wakalisugua. Siku ya tatu mteja mmoja, mama mtu mzima ambaye alinunua nyama pale miaka yote, aliingia, akasimama, akafunika pua kwa kitenge na kurudi alikotoka bila salamu.

"Mzee," Redio alisema, "leo inzi wamekuja na wakwe zao."

Hakupaswa kutania. Tani alimfuata, akamshika shingo kwa nyuma kwa mkono mmoja, akampeleka hadi kwenye ndoo ya matumbo na kumzamisha uso humo.

"Umeacha nyama chini ya meza. Nusa. Nusa mpaka uipate."

Miguu ya Redio ilikuwa inateleza kwenye vigae, inatafuta pa kukanyaga. Mikono ilipiga ndoo. Binti aliweka chini kisu, akasogea, akasema, "Baba, atakufa," kwa sauti ileile anayoitumia kusema kilo imetimia. Tani akamwachia. Redio aliinuka uso mzima umepakwa, damu ya ng'ombe na damu ya pua yake hazitofautiani, akakohoa, akatema.

"Siyo hii, bosi," alisema alipopata pumzi. "Hii ni ya leo asubuhi."

Tani akarudi kwenye gogo, akaanza kukata mbavu. Alikata kama anayemkomoa mtu. Vipande vya mifupa viliruka hadi dirishani.

Binti akabaki anatazama. Gogo lilikuwa limejaa nyama, na inzi walikuwepo juu yake, sawa. Lakini wengine walikuwa wanaipita nyama yote ile na kushuka chini. Walitua kwenye buti. La kushoto. Baba akisogea kwenye mizani, inzi wanahama naye, na harufu inahama naye. Akirudi, vinarudi.

Akakumbuka na mengine. Ukuta wa nyuma una kidirisha, na nyuma yake kuna mwanamke anayekaanga nyama kwa ajili ya wapita njia. Mara mbili kwa siku baba alipita karibu na kidirisha hicho akielekea chooni. Aliingia mikono mitupu, akatoka midomo inang'aa. Na buti lake la kushoto alikuwa amelichana kwa nyuma, kwa kisu, eti shavu la mguu linabanwa. Mchano ule ulitosha kupitisha kifurushi, na wiki nzima sasa buti hilo hakulivua, hata kulala.

Hakuwaza wizi. Aliwaza ukingo wa kiganja cha daktari, pale chini ya goti.

*

Saa kumi na moja Redio akavua mabuti, akayapindua, akagongesha mara mbili. Maji tu. Binti akavua, akapindua. Nyuzi za tambara la sakafu na ganda la limau. Kisha, peku juu ya vigae, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya gogo na kusema:

"Na wewe, baba."

Tani alikuwa anafuta panga. "Nini, mama?" Akiwa na furaha alimwita mama, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake mzaa baba.

"Pindua buti. La kushoto."

Redio aliangalia dari.

"Umesema nini?"

"Kuna kitu ndani, baba. Kinaoza. Vua tuone."

Kofi lilikuja kwa nyuma ya mkono, likampata mdomoni. Alisikia jino likisogea mahali pake. Hakuondoa mkono kwenye gogo. Ulikuwa umeshika ukingo ili asianguke. "Vua, baba," alirudia, na maneno yakatoka na damu.

"Nakulisha mimi. Nimekuzaa mimi. Unanikagua mimi?"

Alipiga panga kwenye gogo kama alivyozoea kulipiga kila akitaka watu wanyamaze, mara elfu kabla ya hapo, bila kutazama. Safari hii gogo halikuwa tupu. Chuma kilizama kwenye mti, na ncha ya kidole kidogo cha binti, na ukucha wake, ikabaki upande wa pili.

Binti alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mteja. Damu ilichelewa kidogo, kisha ikaja yote.

Tani aliachia mpini. "Mama," alisema. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, na ule mguu usiosikia kitu ukakanyaga ganda la limau. Alianguka chali. Ndoo ziliruka, kulabu zikalia juu, na kichwa chake kiligonga vigae kwa mlio wa nazi. Redio hakungoja. Alimrukia kifuani, akamkalia, akambana mikono kwa magoti.

"Vuta, dada. Vuta kabla hajaamka."

Alikuwa ameshaamka. Alichomoa mkono mmoja, akarusha ngumi, ikampata Redio sikioni, akamuuma paja, Redio akapiga yowe lakini hakubanduka. Binti alifunga kidole kwa pindo la aproni, akapiga magoti pale mama yake alipozoea kupiga, miguuni, akashika buti kwa mkono mmoja na vidole vizima vya ule mwingine, akavuta. Buti lilikataa. Lilikuwa limegandana na mguu. Akaegemeza nyayo zake kwenye paja la baba, akavuta kwa mwili wote, likatoka na sauti ya mdomo unaobusu, na harufu ikajaza bucha hadi Redio akatapika pembeni.

Binti alilipindua buti. Akaligongesha mara mbili.

Kikatoka kifurushi cha mbavu za kukaanga, bado cha moto. Ikatoka mifuko mitupu ya nailoni, sita au saba, yenye mafuta yaliyoganda. Kikatoka kimiminika ambacho hakikuwa maji.

Lakini ubavu mmoja haukutoka. Ule ulikuwa umeteleza siku nyingi kutoka kwenye mfuko uliopasuka, ukashuka hadi chini ya wayo, ncha yake kali imetazama juu, na mtu wa kilo mia na arobaini na tatu akausimamia wiki nzima kutoka asubuhi hadi jioni. Ulikuwa umepita soksi. Ulikuwa umeingia mguuni urefu wa kidole, na nyama iliyouzunguka ilikuwa nyeusi na kijani.

Redio alishuka kifuani. Hapakuwa na haja tena. Tani alijiinua kwa viwiko, akautazama mguu wake kama kitu kilicholetwa na mwingine. Hakuwa amesikia hata mchomo.

"Nani kaniwekea mfupa huu?" akauliza.

Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Nauliza, nani kaweka? Wewe Redio. Au," akamgeukia binti, "mama yako. Amekuja lini hapa mama yako?"

"Mzee," Redio alisema taratibu, anajishika sikio, "yule wa figo ulimwambiaje?"

Tani akafungua mdomo.

"Kinachotoka kwenye buti," binti alisema, "ni cha mwenye buti, baba."

*

Hakuna gari dogo lililomtosha. Walimpakia kwenye pikapu ya kubebea nyama, akalala pale zinapolala nyama, juu ya bati lenye damu ya asubuhi, binti pembeni yake na kidole chake kilichofungwa kitambaa juu ya kitambaa.

Daktari alitazama mara moja tu. Usaha ulikuwa umeanza kupanda. Leo, siyo kesho, alisema. Chini ya goti, na Mungu akijalia usivuke hapo. Nesi akaleta fomu na kalamu. Tani, jasho linamchuruzika, akaisukuma upande wa mama, aliyefika mbiombio na kanga moja.

"Saini," alimwambia.

Mama hakuichukua.

"Saini, mke wangu. Nisije nikaambiwa nilijikata mguu mwenyewe."

Mama alivuta kiti, akakaa. Alama ya shingoni ilikuwa imepona, imebaki mstari mweusi. Alikuwa anamtazama binti yao, ambaye nesi mwingine alikuwa anamshona kidole, uzi wa kwanza, uzi wa pili, na kila sindano ilipoingia ni mama aliyekunja uso.

"Mwaka mzima nimevaa ufunguo wa tumbo lako," alisema. "Nimepigwa kwa ulichokula. Nimepigwa kwa nilichokunyima. Nimepigwa kwa keki ya harusi nisiyokwenda. Nilidhani nikivumilia nitaokoa mguu. Mguu wenyewe ndio huo, na mwanangu hana kidole." Akaiweka fomu juu ya kifua cha mumewe. "Mdomo ni wako na mguu ni wako. Saini ni yako. Ukisaini kwa mkono wa mtu mwingine, kitakachokatwa leo kitakuwa ni cha nani?"

"Unataka nife?"

"Nataka usaini."

Aliinua mkono. Mkono wenyewe ulifika nusu ya njia, kimazoea, na mama hakujikinga, alimtazama tu. Mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda. Kisha ukashuka, ukachukua kalamu.

Walimkata jioni ile.

*

Aliporudi nyumbani na magongo mawili, kabati la chakula lilikuwa wazi na ufunguo umetundikwa kwenye msumari, usawa wa mkono wake. Mama hakuwepo. Alikuwa amehamia kwa dada yake, mitaa miwili kutoka pale. "Nikirudi," alimwambia binti, "nitarudi kama mke. Kufuli sirudi kuwa."

Binti alikubali kumpeleka hospitali na kumrudisha. Kupika alikataa. Siku ya kwanza alisimama nje ya dirisha la jiko akamwona baba anachemsha mboga, anaonja, anatema, kisha analirusha sufuria ukutani kwa nguvu zote alizobaki nazo. Mboga zikateleza ukutani taratibu. Baba alingoja. Alingoja kweli, kichwa kimegeukia mlango. Hakuja mtu. Mwisho alishuka kwenye kiti, akajiburuza kwa makalio kisiki kimetangulia, akapangusa ukuta, akaokota mboga moja moja. Binti aliuma mdomo pale jino lilipolegea, na hakuingia.

Mwezi wa tatu baada ya kukatwa akarudi buchani. Hakukata tena; alikaa kwenye kiti kando ya mizani, kilo zimepungua ishirini na moja, ngozi imemlegea kama koti la mtu mwingine, buti moja mguuni. Wateja hawakujua wamwiteje. Redio, ambaye alikuwa na kovu la meno pajani na hakuacha kulionyesha, aliendelea kumwita bosi.

Ilipofika saa kumi na moja, Redio akapindua mabuti yake, akagongesha mara mbili. Binti akapindua. Aliyashika kwa mkono wa kulia, kwani ule wa kidole pungufu bado ulikuwa unauma baridi ikiingia. Kisha akachukua mpira wa kumwagia maji sakafuni, hakumtazama baba.

"Ngojeni," Tani alisema.

Alihangaika nalo. Kitambi kilimzuia kuinama, akalivua kwa ncha ya gongo, likaanguka, akalivuta, akalipindua juu chini na kuligongesha kwenye kigae. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili zikadondoka pipi mbili za maziwa, zimefungwa karatasi nyekundu.

Binti alisimama na mpira wa maji mkononi, mgongo umeganda, bega limeshapanda lenyewe kukinga uso.

Tani aliliona bega lile. Akalitazama sana. Kisha akazitazama pipi.

"Ni zangu," alisema.

Akanyoosha mkono kwenye gogo, akang'oa panga, akaligeuza, akampa Redio mpini. Akainamisha mgongo wake mpana juu ya magoti, akasubiri ubapa, kama alivyosubiri yule wa figo.

Redio alilipokea panga. Alilitazama, akamtazama binti. Binti akatikisa kichwa kidogo. Redio akalifuta kwa kitambaa pande zote mbili, taratibu, akalitundika kwenye kulabu yake.

"Tumeshafunga, bosi," alisema. "Vaa buti lako."

Binti akafungua mpira. Maji yakazibeba zile pipi mbili, yakazizungusha mara moja karibu na mguu wa kiti, yakazipeleka kwenye mfereji.